Mwana wa Malkia Alipopewa Jina la Kaka Yangu

Petroli ya jenereta ikichanganyika na uvundo wa ng'ombe waliokufa: hiyo ndiyo harufu ya fasihi kwangu. Wengine wakisikia neno tamthilia wanakumbuka kurasa za vitabu. Mimi pua yangu hunirudisha moja kwa moja kwenye ukumbi wa shule yetu, katika uwanda ulio kati ya Kitengela na Isinya, mwaka ule wa ukame mkubwa nilipokuwa kidato cha pili. Mizoga ililala kando ya ua, mbavu nje, na upepo wa alasiri ukatuletea harufu yake hadi kwenye madawati bila kuona haya. Watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha saruji, ambao wazazi wao walitoka magharibi mwa nchi wakapanga nyumba za mawe pale mjini, walijiziba pua kwa kola za sweta. Sisi watoto wa wenye ng'ombe hatukujiziba. Baadhi ya hao ng'ombe tuliwajua kwa rangi zao, na mama zao tuliwajua pia.

Fasihi tulifundishwa na Mwalimu Wekesa, mtu wa Bungoma, mrefu, mwenye suti moja ya kahawia na sauti ambayo ukiisikia ukiwa uwanjani ungedhani amesimama nyuma yako. Alizipenda tanzia kupita kiasi. Hadithi ambayo mwisho wake watu wanaoana aliiona ni ya kupotezea watoto wakati. Tamthilia tuliyosoma mwaka huo, kwa Kiingereza, ilikuwa kuukuu, ya Ulaya, ya malkia mjane anayemtuma mwanawe wa pekee vitani. Kijana anarudi salama, kisha anachomwa upanga mlangoni mwa nyumba yao na watu wa mjomba wake mwenyewe. Katika onyesho la mwisho malkia anapiga magoti mbele ya maiti na kumwita kwa jina, tena na tena, mpaka pazia lifungwe. Majina ya wahusika yalikuwa ya kuvunja ulimi, na Mwalimu alikuwa na mtindo wake: aliyafuta yote ubaoni, akawapa wahusika majina ya hapa kwetu ili tuache kugugumia. Mjomba mwovu alimpa jina la naibu wa mwalimu mkuu, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Kisha akasimama kidogo na chaki mkononi, akaandika jina la mwana wa malkia. Lilikuwa jina la kaka yangu.

Silitaji hapa, na anayesoma asinisumbue. Kaka alikuwa amesoma shule hiyohiyo na kumaliza kidato cha nne. Miezi michache kabla ya siku hiyo ya ubao, baba alimtuma avushe ng'ombe wetu waliokonda barabara ya Namanga, wakatafute nyasi upande wa pili. Lori lililobeba saruji likamkuta katikati ya lami. Kwetu, kijana akifa kabla ya kuwa mzee, jina lake halisemwi tena. Mtoto mdogo wa jirani aliyekuwa na jina hilohilo alibadilishiwa upesi, na mama yake hakusubiri kuombwa. Tulikuwa watu wa kanisa, baba aliimba kwaya, lakini jambo hili kanisa halikuliingilia. Nyanya alisema marehemu akiitwa anasikia, na akija haondoki peke yake. Mama hakueleza chochote. Alilitoa jina mdomoni, basi, na akilazimika kumtaja mwanawe alisema "yule" akautazama mlango. Sasa lilikuwa pale mbele, kwa chaki nyeupe na herufi kubwa, na darasa zima likilisoma kwa sauti.

"Naserian, si huyo ni bro yako?" akaninong'oneza Atieno, msichana tuliyekaa naye dawati moja.

"Nyamaza," nikamwambia.

Mwalimu naye hakuficha kitu. Alitutangazia kwamba amempa mwana wa malkia jina la mwanafunzi bora kuliko wote aliowahi kufundisha, ili tumheshimu, na kwamba dada yake ndiye atakayekuwa malkia. Alinitazama akitabasamu, kama mtu aliyekuletea zawadi na anangoja uifungue. Siku ya wazazi ilikuwa mwisho wa muhula, na onyesho hilo la mwisho ndilo tungeigiza mbele ya wageni. Niliweza kuvumilia jina ubaoni, na niliweza hata kulisikia vinywani mwa wenzangu wasiojua chochote. Lakini siku ya wazazi mama angekaa pale kwenye viti, na mimi nimwite mwanawe mbele yake! Mama, ambaye tangu mazishi hakuwa amelia, ambaye alikuwa akikamua ng'ombe wasio na maziwa ili tu mikono iwe na kazi.

Nilimfuata Mwalimu kwenye chumba cha walimu. "Mwalimu, naomba unibadilishie jina la huyo mwana," nikasema. "Kwetu halisemwi."

"Halisemwi kwa nini?"

"Amekufa."

"Ndiyo sababu lisemwe!" Aliweka kikombe cha chai mezani. "Mimi kwetu tukizika mtu tunamwita mpaka walio ng'ambo ya mto wasikie. Usipomwita atasema umemtupa. Yule kijana hakuitwa na mtu hata mmoja siku ya maziko. Nilikuja, nikaona. Mlimfukia kimya kimya mkaenda zenu. Mimi niliona aibu, Naserian. Niliona aibu kwa niaba yenu."

Nilimwambia basi nafasi ya malkia apewe Atieno. Akasema kama sitaki kuigiza nije na baba yangu aeleze mwenyewe. Hapo akawa amenifunga mikono na miguu. Baba ndiye aliyemtuma kaka barabarani. Tangu siku ile alikuwa akilala zizini na ng'ombe waliobaki, na chakula alipelekewa huko. Ningemwendea vipi, nimwambie mwalimu anataka kujua kwa nini jina la mwanawe halisemwi? Nikarudi darasani, nikachukua nakala yangu, nikaanza kukariri maneno ya malkia.

Ijumaa moja Mwalimu akaleta filamu ya tamthilia hiyo. Aliazima televisheni na deki kwa rafiki yake mwenye chumba cha video pale Kitengela, jenereta akaazima kanisani. Madirisha ya ukumbi tuliyaziba kwa magunia, tukabanana sakafuni, petroli ikitukwaruza koo. Filamu ilienda vizuri hadi onyesho la mwisho. Malkia wa filamu, mwanamke mwembamba wa kizungu, alipiga magoti mbele ya maiti, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Muziki tu. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Nikasimama mbele ya watu wote nikasema, "Mwalimu, hata huyu hakumwita!" Mwalimu Wekesa akapandwa na hasira, akasema waliotengeneza filamu wameiharibu kazi ya watu, na hata hivyo tukiangalia midomo tutaona jina limetajwa. Akairudisha kanda nyuma.

Sijasahau nilichokiona. Kanda ikirudi nyuma, damu iliingia tena kifuani mwa yule kijana. Upanga ukachomoka. Akainuka kutoka sakafuni, akasimama wima na uso mzuri, akatembea kinyumenyume hadi nje ya mlango, kwenye jua. Darasa likalipuka. "Amefufuka! Haki ya nani, amefufuka!" Mwalimu akabonyeza, kijana akaingia tena mlangoni akicheka, akachomwa tena, akaanguka tena. "Tazameni midomo ya malkia!" Hatukuona midomo ikisema jina. Akarudisha tena. Na kila alipoinuka, wavulana wa nyuma walimshangilia kwa lile jina la ubaoni, jina la kaka yangu, "Inuka! Inuka, baba!", na kila alipoanguka walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa mbele kabisa, mahali pa malkia. Nilitamani kanda ile ikwame akiwa nje, kwenye jua, na jenereta iishiwe na petroli. Haikuishiwa mpaka jioni.

Tulipoanza mazoezi nilijaribu ujanja. Badala ya jina nilisema "mwanangu". Mwalimu akanisimamisha. "Kitabu hakijasema mwanangu!" Nikarudia vilevile, akanichapa fimbo za miguu. Nikarudia tena. Akawageukia wenzangu akasema, "Ng'ombe akifa hawa wanalia wiki nzima. Mtu akifa, kimya. Huo ni moyo ama ni jiwe?" Wakacheka, Atieno akiwemo, halafu akajifuta macho eti ni vumbi. Huo ndio ulikuwa ukatili wake, na leo mtu asiniambie alikuwa na nia njema. Nia njema nimeisikia sana. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimefiwa, miguu inavuja damu, na mtu mzima ananicheka mbele ya watoto ili nilie anavyotaka yeye. Hatimaye akachoka nami, akawafundisha waigizaji wengine, askari na wajakazi, waitikie jina baada ya malkia. Kwangu akatosheka na ahadi. "Siku ya wazazi utasema," akaniambia. "Ukisimama mbele ya watu, litatoka lenyewe."

Nyumbani nilisema siku ya wazazi ni ya kina baba tu. Nilijua baba hatatoka zizini. Lakini mke wa jirani, mwenye mtoto darasani kwetu, akampongeza mama kwamba bintiye ni malkia, na asubuhi ile nilipochungulia kwenye pazia nikamwona safu ya pili, amevaa shanga za kanisani, shuka jipya, mikono mapajani. Alikuwa amepata jambo la kujivunia, la kwanza tangu maziko. Mvulana aliyekuwa maiti alikuwa amelala tayari chini ya blanketi, ananikonyeza.

Nikapiga magoti. Nikasema, "Mwanangu." Nilisema polepole, kwa Kiingereza kwanza, kisha Kimaasai kikanitoka bila kuamriwa, nikamwambia mwana wa malkia maneno ambayo mama hakuwahi kumwambia mtu: kwamba chai yake ipo, kwamba viatu vyake viko mlangoni. Nikainua macho nikamwona mama analia. Analia kweli, mabega yanatikisika, mke wa jirani amemshika mkono, na uso wake umelegea jinsi ulivyokuwa zamani. Nikawaza, basi, imekwisha, tumepona, pazia lifungwe. Haki, pazia lingefungwa pale!

Nyuma ya pazia Mwalimu Wekesa akaona nimemharibia mchezo. Akaita mwenyewe. Aliita kwa ile sauti ya ng'ambo ya mto, jina zima, akivuta silabi ya mwisho, na alikuwa akilia, hilo nalikiri kwa sababu nililiona. Askari na wajakazi wakaitikia, kama walivyofundishwa. Akaita tena. Wazee wa kwetu wakainamisha vichwa, mmoja akatema mate kando kuifukuza balaa. Mama akaacha kulia papo hapo. Alijifuta uso kwa ncha ya shuka, akasimama, akapita kati ya viti taratibu akiomba radhi kwa kila goti aliloligusa, akatoka. Wageni kutoka mjini wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo.

Nilimkuta nyumbani anachochea moto.

"Ulijua watasema?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo wa muhula. Yeyo, mama yangu, nilikataa kulisema. Hata leo sikulisema."

"Lakini ulivaa nguo zao," akasema, "ukapiga magoti wamwite."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Tangu jioni hiyo mama hakuniita tena Naserian. Niliitwa "wewe". Nikiwa mbali alimtuma mtoto aniite. Nilipoolewa nikahamia Nkoroi, nilipompelekea mjukuu wa kwanza ambembeleze, nilipompigia simu kila Jumapili, nilikuwa "wewe", kwa upole kabisa, bila ugomvi, mpaka alipofariki mwaka jana.

Mambo yamebadilika, huwezi kuyazuia. Pale palipokuwa na mizoga sasa ni nyumba za kupangisha, ghorofa juu ya ghorofa. Binti yangu yuko kidato cha pili, anasoma tanzia zilezile, na filamu zake anazitazama kwenye simu akiwa amelala kitandani. Mtu akiuawa anamrudisha kwa kidole, anamwua tena, huku anakula chipsi. Hata maziko yetu siku hizi yana vipaza sauti, fulana zenye picha ya marehemu, na kijana wa kurusha mtandaoni. Tulipomzika mama kule Kajiado, mchungaji alisoma historia ya maisha yake, akataja watoto wake wote, walio hai na waliotangulia. Akalisoma jina la kaka waziwazi kwenye spika. Niliwatazama wazee waliobaki. Hakuna aliyeinamisha kichwa, hakuna aliyetema mate. Baba, kwenye kiti chake cha magurudumu, alikuwa amesinzia. Nikalitazama jeneza la mama, kana kwamba atasimama aondoke kama siku ile ya wazazi. Binti yangu akanivuta mkono, amekunja uso.

"Mom, huyo ametajwa kabla yako ni nani?"

"Mjomba wako."

"Kumbe uko na kaka?"

"Nyamaza," nikamwambia. "Tunazika."