Nilitafsiri Uongo Mbele ya Mama Yangu

Habari ya kazi, admini. Nifichie jina tafadhali, Waswahili wa Toronto tunajuana na wengine nasali nao.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na minne, Mtanzania, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Naishi Rexdale na mume wangu, binti yetu na mama yangu mzazi. Mama ana miaka sabini na kitu, na ni chotara. Baba yake alikuwa Mwailandi, meneja wa shamba la mkonge huko Kilosa, aliyeondoka mama akiwa bado anabebwa mgongoni. Nilikuwa najua hayo tu. Nikiuliza zaidi, mama anainuka kwenda kuosha vyombo hata kama ni visafi.

Mwaka jana nikaona tangazo la kozi ya kutafiti koo za Uingereza na Ailandi, kozi ya haraka, wiki nzima asubuhi mpaka jioni. Nikachukua likizo. Darasani Mwafrika nilikuwa peke yangu, wengine wote wazee wa Kizungu wanaotafuta mababu zao. Siku ya kwanza mwalimu alisema, "Kabla ya kugusa kumbukumbu yoyote, ongeeni na wazee wenu walio hai." Sikufanya. Nilijidanganya kwamba mama hatasema. Ukweli ni kwamba niliogopa atakachosema.

Niliipenda ile kozi jamani! Vitabu vya ubatizo, sensa, jinsi kumbukumbu nyingi za Ailandi zilivyoteketea kwa moto na namna ya kutafuta kwingine. Tulifundishwa na vipimo vya vinasaba pia, nikatema mate kwenye kichupa nikatuma. Wiki kadhaa baada ya kozi majibu yakanionyesha ndugu wa damu, tena yuko hapa hapa, Richmond Hill. Mwanamke mstaafu, nimwite Maureen. Baba yake na yule meneja walikuwa tumbo moja, kwa hiyo yeye na mama ni binamu. Tulipopigiana simu alilia, nami nikalia. Nikawaandikia wenzangu wa kozi, wakanipongeza, mwalimu akaniomba nije kuwasimulia wanafunzi wapya. Nakiri nilijisikia mtu. Utotoni nilitaniwa kuwa mzungu asiye na kwao. Sasa nami nilikuwa na kwetu.

Nikamwalika Maureen na kaka yake chakula cha mchana. Mama nilimwambia asubuhi ile ile, nikiwa nakaanga sambusa. Akaenda kubadilisha kanga.

Wakaja na maua, na picha kubwa kwenye fremu. Kijana wa Kizungu, kaptula nyeupe, anacheka. Maureen akamwekea mama mapajani, akasema kwa Kiingereza, "Huyu ndiye baba yako. Alikuwa mtu mwema sana, sote tulimpenda."

Mama aliitazama muda. Akailaza mezani kifudifudi, akasema kwa Kiswahili, taratibu, bila kulia: "Mama yangu alikuwa na miaka kumi na mitano. Alikuwa anamfulia nguo huyu. Hakuulizwa kama anataka. Alipotoka mle ndani na mimba, kwao walimfukuza, na huyu hakutuma hata salamu. Waambie."

Maureen akanigeukia, macho yanang'aa. "Anasemaje?"

Ndugu zangu, mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Nikasema, "Anasema amefurahi mpaka amekosa maneno."

Maureen akainuka akamkumbatia mama. Akamkumbatia kweli, analia begani kwake. Mama alikaa mkavu kama gogo, mikono imelala mapajani, ananiangalia mimi juu ya bega la yule mwanamke.

Walipoondoka nilianza kukusanya sahani. Mama akasema, "Kiingereza sikiongei, mwanangu, ila nakisikia. Unafikiri miaka yote hii natazama televisheni naona picha tu?"

Nilipiga magoti palepale, nikaomba msamaha. Akasema, "Mimi nitakusamehe. Ila maneno yangu uyafikishe. Yale si yako, ni ya mama yangu."

Tangu siku ile akaacha kuniita mwanangu. Akawa ananiita Mama Neema, kama jirani.

Basi nikaenda Richmond Hill. Maureen alinipokea kama mdogo wake, akanionyesha mti wa ukoo aliouweka mtandaoni, picha ya mama ipo chini ya ile ya meneja. Akasema kaka yake anaumwa moyo, na kwamba kumpata mama kumemrudishia furaha. Nikanywa chai. Nikala keki. Nikarudi bila kusema neno.

Mama alikuwa ananisubiri sebuleni. "Umewaambia?"

"Nimewaambia, mama."

"Wakasemaje?"

"Wamesikitika sana. Wamesema wanakuheshimu."

Kwa mara ya kwanza nikamwona analia. Akasema, "Basi nitakwenda. Kama wamejua na bado wananiita, nitakwenda."

Maana ukoo mzima unakutana Jumamosi hii, na Maureen anataka mama akae meza ya mbele. Mama ameniomba nimtafutie viatu. Ananiita mwanangu tena. Jana nimemsikia akimwambia mdogo wangu wa Dodoma kwenye simu, "Dada yako ni jasiri, amewaambia Wazungu ukweli." Nilijifungia bafuni.

Mume wangu anasema ninyamaze, mtu mwenyewe alishakufa na hawa hawana kosa. Lakini mama atafika pale akiamini wanajua. Akisimama mtu kumsifu yule babu mbele yake, mama atanigeukia mimi.

Nimwambie Maureen kabla, nihatarishe moyo wa kaka yake? Au nianze na mama, nimvue furaha aliyoingoja tangu utoto? Matusi nitayapokea, nastahili. Ila na neno la kunisaidia mniachie, Jumamosi si mbali.