Wanda Kessel Hahesabu Mikono

Saa kumi na moja alfajiri, Wanda Kessel amepiga magoti ndani ya bafu namba saba, anachokoa nywele za wanaume kwenye tundu la maji. Nje upepo wa Wyoming, ule unaopindua malori, umefunga barabara kuu tangu jana, na uwanja wa kituo hiki cha mapumziko ya madereva umejaa malori. Kila dereva anataka kuoga. Kipaza sauti kinaita namba, mmoja anatoka akiacha taulo sakafuni, na Wanda anaingia na ndoo yake.

Ana miaka sitini na tatu, analipwa dola kumi na nne kwa saa, na ana hasira. Nilipomwuliza kama tunaweza kuzungumza ili niandike habari zake, alinitupia glavu.

"Vaa. Kama umekuja kukaa tu, kahawa iko kule mbele."

Nikavaa. Hasira yake naijua, kwa sababu nilikuwepo siku ilipopanda, na niseme mapema kwamba hata mimi bado haijanishuka.

Wanda aliendesha malori miaka ishirini na miwili, mpaka magoti yakamgomea. Kwa miaka tisa, akimaliza zamu ya mabafu, alikuwa akivuka uwanja na kufungua tela la zamani lenye msalaba ubavuni. Ndani mlikuwa na viti vya kukunja, birika la kahawa na hita yenye kelele. Hilo ndilo lilikuwa kanisa la madereva. Alihubiri humo bila kulipwa hata senti, na tela lenyewe lilikuwa mali ya misheni moja ya Indiana, yenye matela kama hayo vituo vingi.

Misheni hiyo ilitaka kitu kimoja kutoka kwa kila mhubiri: idadi ya mikono. Mahubiri yakiisha, watu wanainamisha vichwa na kufumba macho, na anayetaka kumpokea Yesu ananyoosha mkono. Mhubiri anahesabu, idadi inakwenda makao makuu. Mwenye mikono mingi anapewa ngao mwisho wa mwaka na picha yake inatoka kwenye jarida. Watu wazima hao, na akili zao timamu.

Wanda naye alihesabu kama wenzake, mpaka alipokutana na Lyle Babineaux.

Lyle ni dereva wa Louisiana, mtu wa miaka hamsini na kitu, mzaha haumwishi mdomoni. Januari ya mwaka juzi alinyoosha mkono kwenye tela, Wanda akamshukuru Mungu. Machi akapita tena, akanyoosha tena. Wanda akamfuata kwenye birika la kahawa kumwuliza kulikoni. Lyle akacheka. Akasema si hapa tu. Ameshanyoosha Nebraska, ameshanyoosha Iowa, na Utah mara mbili.

"Shangazi, mtu kahubiri saa nzima, tuko watatu, na mmoja amelala," alimwambia. "Sasa ningemwachaje hivyo?"

Wanda anasema walicheka wote wawili. Kisha akamwuliza nani anamsubiri nyumbani, na Lyle akaacha kucheka. Mkewe alikuwa amepata kiharusi, upande wa kulia wote umelala, na dada yake ndiye aliyekuwa akimhudumia. Lyle hakuweza kuacha safari ndefu kwa sababu bima ya matibabu ya mkewe ilitoka kwenye kazi hiyo hiyo iliyomweka mbali naye. Wahubiri wanne walikuwa wameshamwandika kuwa ameokoka. Hakuna aliyekuwa amemwuliza habari za nyumbani kwake.

"Mmoja wa hao wanne ni mimi," anasema Wanda, huku akisugua ukuta kana kwamba umemtukana. "Nilimwandika hata simjui."

Tangu siku hiyo, makao makuu wakipiga simu kuuliza idadi, aliwajibu hana. Yeye akawa anapiga simu Louisiana. Kila Jumanne anazungumza na mke wa Lyle, anayeitwa Odile. Maneno yanamtoka Odile kwa shida, na Wanda hamharakishi. Siku nyingine anasumbua kampuni za usafirishaji za huko kwao, akimtafutia Lyle kazi ya kwenda na kurudi yenye bima. Moja ilimwambia asithubutu kupiga tena. Akapiga.

Mwezi uliopita ndipo alipokuja Mchungaji Todd Amstutz, mkurugenzi wa misheni kwa upande huu wa magharibi, kijana nadhifu mwenye sauti ya upole. Alitangaza kwamba tela linahamishiwa Nebraska, kwenye mavuno ya roho, kwa kuwa hapa kwetu hakuna matunda. Ibada ya mwisho aliiongoza mwenyewe. Tulikuwa watu kumi, Lyle akiwamo, amekwamishwa na upepo. Amstutz alitundika mchoro ukutani, mistari ikipanda juu, akahubiri mafanikio katika utumishi mpaka kahawa ikapoa. Kisha akatuambia tuinamishe vichwa na kufumba macho.

Mimi sikufumba, kazi yangu ni kutazama. Nikauona mkono wa Lyle ukipanda.

"Nauona mkono mmoja. Asante, Bwana," akasema Amstutz.

"Lyle, shusha mkono," akasema Wanda.

Vichwa vyote vikainuka. Lyle akaushusha taratibu, akamtazama mhubiri kwa haya. "Unisamehe, Mchungaji. Nimeona umetoka mbali."

Amstutz akawa mwekundu hadi masikioni. "Dada Wanda, unamzuia mtu asimwendee Mungu?"

"Mtu gani? Mkewe anaitwa nani?"

Amstutz akageukia mchoro wake.

"Mmeshamhesabu mara sita," Wanda akasema. "Mkewe hawezi kushika kijiko. Katika mara zote sita, nani kati yetu alimpelekea hata salamu?"

Amstutz alijibu kwa upole kwamba wafadhili wanahitaji kuona matunda. Hakuwa tapeli, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Ni mtu mwema anayeamini kabisa kwamba asiyeonekana kwenye mchoro wake hayupo duniani.

Kesho yake upepo ulitulia, kichwa cha lori kikaja, tela likavutwa. Wanda alitoa birika lake tu. Pale lilipokuwa, lami ilibaki safi, haina doa la mafuta, na kabla ya saa sita mchana dereva mmoja alikuwa ameshaegesha.

Siku hizi ibada iko kwenye chumba cha kufulia, Jumapili asubuhi, kwa ruhusa ya meneja wa kituo, mradi wasizuie mashine. Madereva wanakaa kungojea nguo zikauke. Wanasoma Zaburi, wanabishana, wanaonyeshana picha za watoto wao, na hakuna anayeambiwa afumbe macho. Wanda anasema mpango wake ni huo huo mpaka magoti yakatae kabisa. Sasa anamshughulikia dereva mmoja wa Ohio ambaye binti yake hapokei simu zake.

Jumapili ya kwanza humo walikuwa wanane. Jumapili iliyopita nilikuta saba. Nilipomwuliza nani amekosekana, Wanda aliweka brashi chini na kuketi ukingoni mwa ndoo. Kwa mara ya kwanza tangu nifike, uso wake ulilegea.

Lyle amepata kazi ya kubeba changarawe, dakika ishirini kutoka mlangoni kwake. Bima ipo. Jana jioni alimlisha Odile kwa mkono wake. Hatapita tena barabara hii.

"Andika kwamba kanisa la Wanda limepungua mtu mmoja," akaniambia. "Na andika kwamba namwomba Mungu wale saba nao waende makwao, wasirudi."