Mguu Ulionyamaza

Wewe unayenisikiliza, kaa vizuri kwanza. Si lazima ukae wima kama mwanafunzi, kaa tu namna ambayo kiti kitakubeba. Nataka kukueleza neno moja ambalo nimelifanyia kazi karibu maisha yangu yote. Neno lenyewe ni kusikia.

Kwa Kiswahili tunasikia ngoma, na tunasikia baridi. Tunasikia harufu ya sombe, majani ya muhogo, ikiiva, tunasikia njaa, tunasikia uchungu. Sikio, pua, tumbo na ngozi, vyote vimepewa kitenzi kimoja. Watu huniuliza ilikuwaje nikatoka kwenye muziki nikaingia kwenye dansi, kisha nikaacha jukwaa na kuanza kuwafundisha watu kuufahamu mwili wao kwa kujisogeza polepole. Wanadhani nimebadili kazi mara kadhaa. Mimi naona nilikuwa nikilifuata neno hilohilo.

Lilianzia uani kwetu, mtaa wa Hewa Bora, karibu na mbabula, jiko letu la makaa. Mama alisonga bukari, ugali wetu wa mahindi, akiwa amesimama na kuinama kidogo, na uzito wake ulihama kutoka mguu mmoja hadi mwingine kila mwiko ulipogeuka. Mimi nilikaa juu ya bidoni tupu la maji, nikilipiga ubavuni kwa viganja kuufuata mwiko. Bukari ilipoanza kuwa ngumu, pigo nalo likawa zito.

"Weye, punguza!" alikuwa akinifokea huku akicheka. "Utaunguza bukari yangu na ile ngoma yako!"

Jumapili mwendo uleule ulihamia kanisani. Wakati wa matoleo akina mama hujipanga mlangoni, kisha hucheza polepole mpaka altareni, vikapu vya mahindi na karanga vikiwa vichwani. Mama ndiye aliyetangulia. Nilipokua wakanipa ngoma ya kweli kwenye kwaya, na sikuhitaji kumtazama mwalimu wa kwaya kujua kasi. Niliyatazama mabega ya mama. Mpaka leo nikikisikia kibao cha matoleo popote pale, naona kitenge chake cha njano kikija taratibu katikati ya mabenchi.

Kutoka kwaya nikaingia kundi la dansi mjini. Ilikuwa miaka mizuri. Tulifanya mazoezi katika ghala lenye sakafu ya saruji, na kiangazi tuliinyunyizia maji kwanza ili vumbi jekundu litulie. Mara moja tulikwenda kucheza Kilwa, si ile ya pwani ya bahari bali Kilwa yetu ya ziwani, na barabara iliturusharusha hivi kwamba tulifika tumekwisha kucheza onyesho zima ndani ya lori. Lakini saruji ile iliyala magoti yangu. Ndipo akaja mwalimu mgeni, akatufundisha kwa Kifaransa kulala chini, kufuatilia pumzi na uzito, kiungo kimoja baada ya kingine. Wenzangu walisinzia. Mimi nilijiona nimerudi uani, juu ya bidoni. Nikayafuata masomo hayo mpaka nami nikawa mwalimu.

Kisha mama akaanguka. Ilikuwa msimu wa mvua, ua una utelezi, na mguu wake wa kushoto ukavunjika. Mfupa uliunga. Daktari aliitazama picha, akasema mguu umepona na mama atembee. Lakini mama alitembea kama mtu aliyeazima mguu wa jirani: aliuweka chini kwa ncha ya vidole na kuuondoa haraka. Dada yangu akachukua kazi ya kusonga bukari. Jumapili mama alikaa benchi la ukutani, vikapu vikapita mbele yake, na yeye akaiangalia mikono yake. Sikukuu ya mavuno ilikuwa inakaribia. Nilitaka jambo moja tu, mama arudi kwenye mstari.

Nilikuwa nikifundisha kikundi cha akina mama wa parokia yetu, nikamwomba aje. Wakavua viatu, wakalala kwanza kwenye mikeka, kisha wakasimama. Nikawatafsiria kama nilivyofundishwa:

"Fungeni macho. Sikieni miguu yenu."

Wakafunga macho. Kisha mama mmoja, muuza samaki, akainama na kutega sikio chini.

"Mwalimu, ya kwangu haisemi kintu."

"Ya kwangu inaomba biatu bipya," jirani yake akajibu.

"Ya kwako inaomba biatu tangu Noeli! Iache ipumuzike!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama hakucheka. Aliuangalia mguu wa kushoto, akasema polepole:

"Ile wakati iliniuma, nilikuwa naisikia. Sasa haiumi, siisikie tena. Nitakanyanga namna gani na kintu yenye haiko?"

Nikaelewa tafsiri yangu ilikuwa na shimo. Kwetu kiungo husikika kinapouma. Mtu akisema anasikia mgongo, anatafuta dawa. Nilikuwa nimewatuma akina mama wale kutafuta maumivu, na mama yangu hakuyapata, akaamua kwamba mguu wenyewe umeondoka nayo. Kumwambia kwamba mguu una nguvu kusingesaidia. Daktari alikwisha kumwambia.

Jioni moja dada alichelewa sokoni, nikashika mwiko mimi. Sikufanya makusudi, mimi husonga vibaya tangu zamani. Mama alivumilia kidogo tu.

"Ile ni bukari ao ni mawe? Toka pale!"

Akaninyang'anya mwiko, akasimama mbele ya mbabula. Sikujua la kufanya na mikono yangu, nikaketi juu ya bidoni na kuanza kulipiga, taratibu. Mwanzoni alisimamia mguu wa kulia peke yake. Bukari ikaanza kukaza, mwiko ukamtaka ajiegemeze, na uzito ukahamia kushoto. Kisigino kikashuka mpaka chini.

"Mama, usiache kusonga," nikasema. "Chini ya mguu wa kushoto unasikia nini?"

"Nasikia udongo. Iko baridi." Akageuza mwiko tena. "Na kajiwe kamoja."

Kisha akasimama, mwiko juu, akanitazama.

"Njo ile?"

"Njo ile, mama," nikajibu. Ndiyo hiyo hasa: kusikia kilicho chini ya mguu.

"Ungesema ni bukari, mutoto yangu! Unatulalisha bure ku mikeka kama bagonjwa!"

Tangu jioni hiyo mwiko ukarudi kwake, na mimi nikarudi kwenye bidoni.

Sikukuu ya mavuno ilipofika hakuongoza. Alisimama mwisho wa mstari na kikapu kidogo cha karanga. Nilimwomba mpiga ngoma wa kwaya aniachie nafasi, nikayatafuta mabega yale nyuma ya vichwa vyote. Nilipiga kasi yake, na wimbo ukawa mzito kama bukari inayokaribia kuiva. Akina mama wa mbele wakapunguza mwendo bila kuambiwa. Padri alisubiri. Muuza samaki akageuza shingo, kikapu kikiwa kichwani, akaita:

"Mama, mguu inasema nini?"

"Inasema mutoke mbele!" mama akajibu, na kisigino chake kikatua.

Siku hizi nafundisha pia katika mtaa wa Ruashi, wanaume wanaobeba magunia ya madini, wenye migongo inayopiga kelele mpaka wamesahau kwamba wana miguu. Siwaambii tena wasikie miguu yao. Nawaambia kama nitakavyokuambia wewe. Vua viatu, usimame. Hamishia uzito wako polepole kwenye mguu mmoja mpaka kisigino kitue, kisha utaje kwa sauti kile unachokisikia chini yake: saruji, mkeka, baridi, kajiwe. Ukimaliza, hamia mguu wa pili.