Risasi Chini ya Shanga

Mume wangu alikuwa na bunduki moja ya marisau, yenye leseni, ya kufukuzia nguruwe pori shambani kwetu Zinga. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani tulikuwa majambazi. Tulikuwa watu wa duka. Tuliuza misumari, rangi, mabomba na makufuli hapa Dunda, na siku za mapumziko yeye alikwenda shamba, akapiga hewani mara moja au mbili, nguruwe wakahamia kwenye mihogo ya jirani.

Katika kuihifadhi hakuwa na masihara. Bunduki ilikaa chumba cha mbele, tupu, ndani ya sanduku la chuma alilolikaza ukutani kwa boliti, na ufunguo alitembea nao mwenyewe. Risasi zilikaa mbali nayo, chumbani, ndani ya kasha langu la mninga nililopewa na mama nilipoolewa, na ufunguo wa kasha nilikuwa nao mimi. Alizitia kwenye kopo la biskuti lenye mfuniko wa kubana, pamoja na kifuko cha kitambaa chenye mchele uliokaangwa mkavu, kwa sababu unyevu wa pwani hauachi kitu. Hata makufuli ya dukani yalishika kutu kabla hayajapata mnunuzi. Kila baada ya miezi miwili mitatu nilimkaangia mchele mwingine, huku nalalamika kwamba chakula cha watu kinalishwa risasi.

Siku moja nilimuuliza kwa nini asiweke vyote pamoja akanipunguzia tabu. Akacheka.

"Mimi nikipandwa na hasira nitakuwa na bunduki isiyo na kitu," alisema. "Itabidi nije nikuombe ufunguo, na mpaka nimalize kukubembeleza, hasira zimekwisha. Na wewe ukipandwa, utakuwa na risasi za kunirushia tu kama embe bichi."

Alinijua vizuri. Hasira zangu ni moto wa makuti, zinawaka na kuzimika hapohapo, lakini zikiwaka hukai karibu. Kwa hiyo tukaishi hivyo, kila mmoja na ufunguo wake, na miaka yote ile hatukuwahi kuogopana. Nimeileta habari hii kwanza kwa sababu mtu aliyeniamini namna ile alipofariki, haikunichukua hata wiki mbili kuiharibu amana yake.

Alifariki kwa moyo, ghafla, dukani, akiwa anampimia mteja waya. Tukamzika, nikavaa nyeupe, nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi, hakuna kutoka bila dharura, hakuna udi, hakuna kuonana na wanaume ovyo. Kuta nne na mimi, na huyu ninayetaka kumsimulia.

Alikuwa mwanamke wa Zinga, Mzaramo, mkubwa kwangu kwa miaka michache. Jina lake na langu lilikuwa moja, kwa hiyo tuliitana somo, yeye na mimi, tangu siku ya kwanza alipokuja kunisaidia kazi, na hiyo ni miaka kumi na tisa. Alikuja asubuhi akaondoka alasiri. Watoto wangu wawili walio Muscat sasa yeye ndiye aliyewaogesha. Mbuzi ya kukunia nazi iliyokuwa jikoni kwangu ilikuwa yake, maana ya kwangu aliidharau, alisema meno yake ni ya kibogoyo. Na dawa zake za presha zilikaa kwenye kabati langu la vyombo, kwa sababu alisema akiziacha kwake anasahau kumeza.

Siku ya kumi baada ya maziko, shemeji yangu alikuja na askari wawili na mwenyekiti wa mtaa kuichukua bunduki. Ndivyo inavyotakiwa mwenye leseni akifariki. Nilikaa nyuma ya pazia, nikawapitishia ufunguo wa sanduku la chuma. Waliitoa, wakaikagua, wakaandika. Kisha askari mmoja, kijana mwenye adabu zake, akauliza kwa upole kama kuna risasi zozote ndani ya nyumba.

Sasa hapa nataka niseme ukweli wote. Kopo lilikuwa chini kabisa ya kasha. Juu yake kulikuwa na kanga zangu za harusi, na juu ya kanga mfuko wenye shanga zangu za kiunoni, zile ambazo aliyezijua ni mmoja tu na tulikuwa tumetoka kumfukia. Niliona akilini mkono wa mwanamume mgeni unaingia mle, na shemeji amesimama pembeni anatazama. Uso ukaniwaka. Nikasema kutoka nyuma ya pazia kwamba hazipo, marehemu alizimaliza shambani.

Shemeji akamwambia askari kwamba mimi nikisema hazipo, basi hazipo. Akanidhamini kwa neno hilo moja, na wakaondoka.

Dakika mbili zingetosha. Ningewaambia wasubiri barazani, nikafungua kasha mwenyewe, nikawapelekea kopo lao. Hakuna ambaye angeziona shanga. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko nilivyokisoma Kitabu, Mungu anisamehe, na kila nikilifikiria najiona mpumbavu wa kupindukia.

Baada ya hapo nikaanza kuliogopa kopo. Lilipokaa pale miaka yote lilikuwa kopo tu. Sasa nililala chumba kimoja nalo nikawa naota limeshika moto kwa joto la bati. Mchele haukubadilishwa. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo nje nilidhani ni askari wamerudi. Simu nilikuwa nayo mkononi, ningeweza kumpigia shemeji nikamwambia nimekosea, lakini alishanidhamini mbele ya watu, na mimi sikutaka kuonekana mwongo. Tazama akili hiyo. Nilikuwa mwongo tayari, nilichoogopa ni kuonekana.

Ilipofika mwezi wa tatu wa eda nikapata hila. Alhamisi moja, mchana, nilifungua kasha, nikalitoa kopo, nikalifunga kwa kipande cha kanga kuukuu mafundo mawili. Nikamwita somo. Nikamwambia hizi ni dawa za marehemu, zimeharibika, sitaki kuziona tena. Akifika kwake azitumbukize kwenye choo cha shimo, asifungue, wajukuu wasije wakazichezea.

Akalipokea kwa mikono miwili. Akasema maskini, nilijua tu hujavitoa vitu vyake. Akaliweka chini ya kikapu, juu yake akapanga unga na ndizi nilizompa, akaniaga.

Saa moja baadaye mwenye bodaboda aliyembeba alikuja kusimama kwenye geti, mguu wake mmoja umechubuka. Alinieleza bila kuingia. Walikuwa wamefika barabara kuu, mchanga umemwagika kwenye kona, pikipiki ikateleza. Hakuumia mtu. Kikapu kilipinduka, kopo likatoka kwenye kanga na mfuniko ukaruka. Askari wa barabarani aliyekuwa jirani alikuja mbio kumsaidia mama wa watu kuokota ndizi zake, ndipo akaona mchele umetapakaa kwenye lami na risasi nyekundu zinabingirika katikati yake.

"Wamemchukua," aliniambia. "Wamemuuliza kazitoa wapi, akasema kaziokota jalalani. Wanamuuliza tena na tena, jibu ni lilo hilo."

Msomaji, nikwambie nilihisi nini? Nilishusha pumzi. Hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza, kabla ya huruma, kabla ya hofu kwa ajili yake. Nilishusha pumzi kwamba hakunitaja. Nikamshukuru kijana, nikafunga geti, nikarudi kukaa kwenye mkeka wangu, na nikajiambia kwamba mimi nimo edani, siwezi kutoka.

Wiki mbili kabla nilikuwa nimetoka kwenda kung'oa jino. Shemeji alikuja na gari, nikajifunika, nikaenda, nikarudi, na hakuna aliyesema nimeivunja eda, kwa sababu dharura inaruhusiwa na sote tulisomeshwa hivyo chuo cha Kurani. Jino lilinitoa ndani ya nyumba. Somo hakunitoa.

Alilala kituoni usiku ule, na uliofuata. Mimi nilikuwa nawaza jinsi wangekuja kwangu na jinsi walivyokwenda kwake. Kwangu wangevua viatu mlangoni, wangeniita mama, wangezungumza na pazia kwa heshima. Yeye, mwanamke wa kilemba na kikapu, nani angeamini kwamba kaokota? Wangemuuliza yuko na nani, anamfichia nani, wanataka kumwibia nani. Nililijua hilo na nikaendelea kukaa.

Jumamosi asubuhi alikuja binti yake mkubwa. Alinisalimu shikamoo, nikaitika marahaba kwa sauti niliyoichukia mwenyewe. Amekuja kuchukua dawa za presha za mama yake. Nilikwenda jikoni, nikafungua kabati, nikazikuta pale nyuma ya sahani, zimepangwa kwenye kikopo chake, siku mbili hazijamezwa. Nilimbebesha mama yake dawa za uongo, na za kweli zilikuwa zimekaa jikoni kwangu zikimngoja.

Binti alizipokea. Akasita mlangoni, akasema mama yake kamtuma neno.

"Kasema nikwambie usiache kula. Kasema akiwa hayupo wewe huwa huli."

Alipotoka nilikaa chini palepale jikoni, kwenye sakafu, karibu na ile mbuzi ya nazi, nikalia kilio ambacho hata mume wangu sikumlilia. Kisha nikainuka, nikajifunika, nikampigia shemeji. Nikamwambia kila kitu kwa simu ili nisipate nafasi ya kurudi nyuma. Akasema anakuja.

Kituoni somo alikuwa amekaa kwenye sakafu ya ukumbi, ameegemea ukuta, kilemba kimemlegea. Aliponiona na nguo zangu nyeupe alishtuka kuliko aliposhikwa.

"Somo, umetoka? Na eda yako?"

Alikuwa anaiogopea eda yangu. Nikageuka kwa askari wa mapokezi, nikasema risasi zile ni za nyumbani kwangu, mume wangu alizihifadhi vizuri miaka yote, na ni mimi niliyesema hazipo, na ni mimi niliyezifunga na kumbebesha huyu mama bila kumwambia ni nini. Nikaandikisha maelezo. Mkubwa wao alinikaripia, na haki yake. Alisema kopo lingeangukia kwenye moto wa mtu, au lingeokotwa na mtoto, au maji ya choo yangepanda masika yakalirudisha juu. Shemeji alisikiliza yote hayo akiwa ameinamisha kichwa, na mimi nikatakiwa kuripoti kila wiki mpaka jalada lilipofungwa.

Somo aliachiwa mchana ule. Alisikia maelezo yangu yote, maana ukumbi ulikuwa mmoja. Shemeji alitaka kumpeleka kwa gari, akasema ahsante, binti yake yupo. Hakuniangalia.

Hakurudi kazini. Sikumtumia salamu wiki nzima kwa kuona haya, na nilipotuma, jibu likaja kwamba hajambo. Baadaye binti alikuja kuchukua kanga zake mbili na ile mbuzi ya kukunia nazi. Nilimfungia kwenye gazeti. Tangu siku ile nanunua nazi iliyokunwa sokoni, na siyo tamu.

Eda ilipokwisha, wenzangu hutembelea ndugu. Mimi mahali pa kwanza nilipokwenda ni Zinga. Nilimkuta uani, ana ungo, anachagua mchele. Alinikaribisha kama mgeni, akanitandikia mkeka mpya, akaniulizia watoto wa Muscat mmoja mmoja. Nikamwomba radhi. Nilikuwa nimejipanga njia nzima, lakini yalitoka vipande vipande. Nikamwambia niliona aibu, nikaogopa, nikamdanganya, kisha nikajificha nyuma ya eda siku mbili nzima nikijua yuko wapi.

Aliendelea kuchagua mchele wake. Akatoa kijiwe, akakitupa.

"Zile siku mbili nimekusamehe zamani," alisema. "Hofu ni hofu. Nilijua zimetoka kwako, tangu zilipomwagika na ule mchele. Mchele wa kukaanga nilikuwa naufahamu, si nilikuwa nausikia harufu yake jikoni."

Akapepeta ungo. Nilidhani amemaliza, nikafungua mdomo nimshukuru.

"Kinachoniuma ni kule kuniambia dawa," alisema. "Ungeniambia ni risasi, somo, ningezibeba vilevile. Ila nisingepanda pikipiki. Ningekwenda kwa miguu."

Kutoka kwangu mpaka kwake ni mwendo wa saa tatu, juani. Hakulisema kwa kujivuna wala kwa kunisuta, alilisema kama mtu anayeeleza njia. Akasogeza ungo pembeni, akaingia ndani kunitengenezea chai.