Mwanapili na Trela la Masufuria

Watu wa Ukunda walimjua Mwanapili kwa pilau kabla ya kumjua kwa trela. Alikuwa akipika kwenye harusi kuanzia Diani hadi Msambweni, na kila harusi ilimletea adha ile ile: kutafuta pikapu ya kubebea masufuria na viti. Pikapu zilikuja zikitaka, nyingine hazikuja kabisa. Mwishowe akamwendea Abubakar, fundi wa kuchomelea pale Kona ya Musa, akamwambia, "Nitengenezee trela dogo la kuvutwa na gari langu hili hili."

Abubakar akalizunguka lile gari dogo, akatikisa kichwa. "Kulivuta utalivuta, dada. Kazi ni kulisimamisha."

Akamtengenezea trela jepesi, lenye taa zake na mnyororo wa kulishikilia likichomoka, kisha akamfundisha kwenye uwanja mtupu. Kwenda mbele Mwanapili alijua mara moja. Kurudi nyuma kulimtoa jasho: akikata usukani kulia, trela linakwenda kushoto, na akichelewa kidogo linajikunja kama linataka kuubusu mlango.

Safari ya kwanza ya mbali ilikuwa harusi ya Kinango, kwa Mzee Tembo. Mumewe Mbarak, mtu mwenye kupenda kusaidia, ndiye aliyepakia. Viti akavitanguliza mbele. Masufuria makubwa na madebe ya maji akayaweka nyuma kabisa, ili yashushwe kwanza. Mwanapili alipotoka na buibui lake alikuta turubai limeshafungwa, akaona haya kumfungulisha.

Hadi Kwale hakukuwa na neno. Walipoanza kuteremka kuelekea Kinango, gari likashika kasi, na Mwanapili akahisi limekuwa jepesi nyuma. Kwenye kioo aliliona trela likiyumba kushoto, kulia, kila mara likizidi, na gari likivutwa pamoja nalo.

"Breki, Mama Hafsa! Kanyaga breki!" Mbarak akapiga kelele.

"Wewe soma dua, breki niachie mimi!"

Breki hakuigusa. Akaondoa mguu kwenye mafuta, akaushika usukani kwa mikono miwili ukiwa umenyooka, wala hakujaribu kulifukuza trela huku na huku. Mwendo ukapungua. Trela likayumba tena, safari hii kwa uvivu, kisha likatulia. Ndipo akakanyaga breki taratibu, akasimama kando ya barabara.

Mbarak alishuka, akatazama nyuma ya gari jinsi ilivyonyanyuka. "Ni masufuria," akasema kwa sauti ndogo.

"Ni masufuria, Baba Hafsa. Mzigo mzito haukai mkiani. Unakaa katikati, uelemee mbele kidogo, trela liegemee gari."

Wakashusha vyote juani, wakavipanga barabarani ili wapakie upya. Mchungaji mmoja aliyekuwa akipita na mbuzi wake akasimama, akaligonga sufuria kubwa kwa fimbo. "Hili mwauzaje?"

"Hatuuzi, bwana," Mbarak akamjibu huku akitweta. "Twaozesha."

Mwanapili akacheka hadi akakaa juu ya debe, na ile hofu yote ikamtoka.

Njia iliyobaki alikwenda polepole, kila mteremko akiuanza kwa gia ndogo, na trela likamfuata kwa adabu. Lakini kwa Mzee Tembo kulikuwa na mtihani mwingine. Jiko lilikuwa mwisho wa kichochoro chembamba baina ya nyua mbili za miiba, na ndani hakukuwa na pa kugeuzia. Ilibidi trela liingie kinyumenyume.

Jaribio la kwanza trela likajikunja. La pili likaelekea kwenye kamba ya nguo, wanawake wakakimbilia leso zao. Bibi Sidi, nyanyake bibi harusi, akaja dirishani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mchele tumeshauchagua, usituvunjie jiko!"

Mwanapili akavuta mbele, akaunyoosha msafara wake. Akaweka mkono mmoja chini kabisa ya usukani, kama alivyofundishwa: hapo mkono ukienda kushoto, trela nalo linakwenda kushoto. Akarudi kidogo kidogo, akisimama, akichungulia, akirudi tena. Trela likapita baina ya miiba bila kuchubuka, likasimama kando ya mafiga.

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilimtoa ndani bibi harusi, Dama, mikono yote imejaa hina mbichi.

"Jamani," akauliza, "leo aolewa nani, mimi au hilo trela?"