Mgowe Katika Shamba la Mwalimu

Juzi fundi wa vigae anayenitengenezea nyumba hapa Ipogolo alipangusa mikono akaniambia, "Bibi, nyumba imekwisha. Imebaki finishi tu." Nilimtazama sana. Nyumba imekwisha, halafu imebaki finishi. Kijana wa watu hakujua kwa nini bibi kizee ameanza kucheka peke yake mbele ya ndoo ya saruji. Ngoja nikusimulie wewe, maana yeye alikuwa na haraka ya kwenda kula.

Neno hilo lililetwa kijijini kwetu, huko milimani Iringa, na mwalimu wetu wa shule ya msingi, miaka ya hamsini. Alikuwa Mbena kutoka upande wa Njombe, kaptula yake ya kaki imenyooshwa kwa pasi ya mkaa hadi unaogopa kumgusa. Kwake kila kitu kilikuwa finishi. Somo likiisha, finishi. Chaki ikiisha, finishi. Mtoto akifukuzwa shule, finishi, na begi lake la kitambaa linamfuata mlangoni. Tukalibeba neno nyumbani kama tulivyobeba chawa. Baba, aliyekuwa kibarua kwenye shamba la tumbaku la mzungu, alisema kwao finishi ni mnyapara kukutilia alama kwenye kadi, hata kama bado una nguvu. Seremala wa kijiji akabisha: finishi ni kupiga msasa kigoda mpaka kiteleze, na ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Bibi yangu peke yake hakulipenda. Alisema ni neno la mtu anayetaka kwenda kwake mapema.

Mimi nilikuwa naipenda shule kupita kiasi. Asubuhi za baridi za mwezi wa sita, ukungu umefunika hata mti wa kengele, nilikuwa nakimbia na kiazi cha moto mkononi, nikikihamisha kiganja hadi kiganja, na nikifika ndipo nakimenya. Nilipenda harufu ya wino. Nilipenda hata kufagia darasa. Mtihani wa darasa la nne ulipotoka, nikawa wa pili kati ya wote. Mwalimu akawaita mbele wavulana watatu, akawaambia majina yao yatapelekwa bomani ili waombewe nafasi ya darasa la tano. Kisha akatugeukia wasichana, tulikuwa wanne, akasema, "Wasichana, finishi." Akachukua kofia yake.

Bibi alinikuta nachambua maharage huku machozi yanadondokea ungo. Hakunibembeleza, hakuwa mtu wa hivyo. Alijifunga kanga ya pili, akaenda kwa mwalimu, nami nyuma yake. Mwalimu alimpokea kwa heshima, akampa kiti. Akaeleza kwamba fomu ya majina itaondoka Ijumaa na lori la kwenda mjini, kwamba shule ya kati ya wasichana iko mbali, upande wa Mbeya, na kwamba kumsumbulia msichana lori lote hilo ni kazi bure. "Huyu ameshajua kusoma barua, Bibi," alisema. "Inamtosha." Bibi akashukuru, akaaga. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Sasa hapa nikueleze mgowe, maana wajukuu zangu hawaujui. Mwenye shamba kubwa alikuwa anapika pombe ya ulezi, anawaita majirani, wanakuja na majembe, wanalima, kisha wanakunywa. Kazi haikuachwa njiani. Shamba likionekana limelimwa nusu, kila apitaye alijua kwamba mwenyewe ni mchoyo na wageni wake wamemkimbia. Mtu wa namna hiyo hakulimiwa tena, wala hakukaribishwa kwenye kibuyu cha mtu.

Shamba la mwalimu lilikuwa kando ya njia kuu, majani yamefika magotini, kwa sababu wanafunzi waliokuwa wakimlimia walikuwa wamefunga shule. Alhamisi asubuhi alitoka kunawa uso akakuta wanawake kumi wa kijiji wamejipanga shambani mwake, bibi yangu akiwa katikati. Hakuwaita. Mimi nilikuwepo, na binti wa jirani yetu alikuwepo pia. Yeye alikuwa amemaliza darasa la nne mwaka uliotangulia, wa kwanza, akiwapita wavulana wote, akarudi nyumbani kuchota maji.

Mwalimu alifurahi mno. Alidhani anaheshimiwa. "Asanteni, mama zangu, asanteni," alikuwa anazunguka akisema, na mke wake akainjika chai kubwa. Tulilima kwa nyimbo. Udongo ule mwekundu ulinuka mvua ambayo ilikuwa bado haijanyesha. Jua lilipofika kichwani shamba lote lilikuwa limegeuzwa, isipokuwa ukanda mmoja katikati, kutoka nyumbani kwake hadi njiani, majani yamesimama. Hapo wanawake wakaweka majembe chini, wakakaa.

Chai ikaja, wakanywa, hawakuinuka. Mwalimu akauliza kulikoni. Bibi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, alikitafuta chote siku hiyo. "Mwalimu, sisi hatujagoma. Tumechoka tu. Ukiandika jina la mtoto wetu, nguvu itarudi."

Alicheka kwanza. Kisha akakasirika, akasema hilo ni jambo la serikali na si la majembe. Wanawake wakaendelea kukaa. Watu waliotoka mashineni kusaga walikuwa wanapita na mizigo kichwani. "Kamwene," wanasalimia, wanautazama ule ukanda wa majani, wanamtazama mwalimu, wanapita polepole kuliko walivyokuja. Baadaye mke wa mwalimu aliingia ndani akatoka na fomu, kalamu na chupa ya wino, akaviweka juu ya kigoda mbele ya mumewe, akarudi jikoni.

Akaandika. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo akamwambia binti wa jirani asome kilichoandikwa. Alisoma majina matatu ya wavulana, akasoma langu, wazi kabisa, bila kukwama. Kisha akamwuliza mwalimu, "Na mimi?" Mwalimu alisema fomu ni ya waliomaliza mwaka huu. Nadhani alisema kweli, na nadhani aliona aibu, maana aliikunja karatasi haraka.

Wanawake wakainuka kuumaliza ule ukanda, kila mmoja na sehemu yake. Binti wa jirani alisimama na jembe begani, hakuligusisha ardhi. Mama yake alimwambia alime, watu wanatazama. Bibi akasema mwacheni. Yakabaki majani ya upana wa mtu mmoja, na mwalimu akapanda mahindi yake kulia na kushoto.

Mimi niliitwa shule, nikapanda lori, nikashuka nalo tambarare za Usangu, nikapita Rujewa nikishangaa maji yamesimama kwenye mpunga, nikasoma, nikafundisha miaka yangu yote. Bibi aliapa kumwitia mwenzangu mgowe wake msimu uliofuata, lakini mwalimu alihamishwa kabla ya mvua, na aliyekuja hakutaka shamba. Binti wa jirani akaolewa. Siku hizi wanakodi trekta, linalima asubuhi moja, na hakuna anayemjua mwenzake aliyeshika jembe.

Kwenye harusi za ukoo wetu kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa bibi, nami huombwa nisimame nipigiwe makofi. Nasimama, kisha nawakatalia mbele ya watu wote. Tulikuwa kumi na wawili shambani siku ile. Ulipobaki ule ukanda, kumi na mmoja tuliinama tukalima, na mimi nilikuwa wa kwanza kuinama, kwa sababu jina langu lilikuwa limeshaandikwa.