Damu ya Nera

Ondina hana pua. Sisemi kwa matusi. Pua anayo, tena ndefu ya ukoo wao, ila tangu ile homa iliyotupitia sote miaka ya karibuni hasikii harufu ya kitu. Maziwa yakiungua jikoni kwake, mimi ndiye ninayempigia kelele kutoka upande wa pili wa ua. Na huyu ndiye mwanamke ambaye nusu ya riziki yake ilitokana na harufu. Asubuhi anapika chakula cha watoto wa shule huko bondeni, na mchana, tangu mvua za vuli mpaka baridi inapokaza, anaingia msitu wa mialoni kutafuta tartufi, ule uyoga unaojificha chini ya udongo ambao wenye hoteli wanaugombea. Kazi ya kunusa ilikuwa ya Nera, mbwa wake mweusi mwenye manyoya ya kujisokota. Watu walimtania Ondina kwamba pua yake ina miguu minne na mkia. Yeye aliwajibu kwamba afadhali yake inakwenda kazini, za kwao zinashinda kwenye mambo ya watu.

Mimi ni Livio, jirani yake. Niliendesha basi la bonde hili mpaka nikastaafu, na kwa kuwa gari la Ondina husukumwa kuliko linavyoendeshwa, mimi ndiye niliyempeleka kwa daktari wa mifugo kila mara. Ninayosimulia niliyaona.

Ilianza Novemba, katikati ya msimu. Nera alikuwa ananusa chini ya mwaloni, akakwangua kidogo, kisha akalala pale pale kama mtu aliyechoka kupanga foleni. Ondina alidhani anadeka. Akamwita, akamwonyesha kipande cha jibini, hakuinuka. Alipomfungua mdomo aliona fizi zimekuwa nyeupe kabisa. Akambeba hadi kijijini, mbwa mzito kama gunia la viazi, na alipofika mlangoni kwangu hakunisalimu.

"Livio, washa gari," alisema.

Daktari Lorena ni binti wa mji ule wa chini, mpole, hana maneno mengi. Alipima damu, akautazama mkojo uliokuwa na rangi ya chai iliyokolea, akatueleza taratibu. Kinga ya mwili wa Nera, wale askari wanaopigana na maradhi, imegeuka na kuziua chembe nyekundu za damu yake mwenyewe kana kwamba ni adui. Kwa nini? Hajui, na mara nyingi hakuna anayejua. Viko vidonge vya kuituliza kinga hiyo, lakini vinachukua muda kufanya kazi, na Nera hana damu ya kumfikisha huko. Anahitaji kuongezewa leo leo.

Hapa bondeni mbwa wakubwa wenye afya ni wa watafutaji wa tartufi, na watafutaji wa tartufi hawapendani. Kila mmoja ana mahali pake ambapo hamwambii hata padri. Ondina na mtafutaji mwenzake Dino hawakuwa wamesalimiana kwa miaka, kwa sababu ya mwaloni mmoja uliopinda. Hata hivyo alimpigia simu. Dino akaja na dume lake kubwa, akasimama kando kofia mkononi damu ikitolewa, na mwishowe akamgeukia Ondina.

"Sasa damu ya mbwa wangu ikiingia kwa huyu wako," alisema, "atapajua mahali pangu pote."

"Anapajua siku nyingi," Ondina akamjibu. "Huwa tunakuachia kwa huruma."

Dino alicheka. Ondina naye alicheka, halafu akalia, amesimama vile vile, akijifuta kwa mkono wa koti. Sikumwona akilia tena katika habari hii yote, na kuna siku nilitamani alie.

Watu hudhani mgonjwa akirudi nyumbani kazi imekwisha. Vile vidonge vilimpa Nera kiu isiyokatika na njaa isiyojua aibu. Alikunywa maji bakuli kwa bakuli na kuyakojoa kila mahali, kwa hiyo Ondina hakulala usingizi wa kueleweka, alisinzia tu sikio likiwa kwa mbwa. Nera alikula maganda ya viazi, alikula sabuni, alikula soksi. Mgongo ukakonda, tumbo likavimba, manyoya yakaanza kunyonyoka. Siku moja Ondina alimpeleka msituni kwa kamba, kumnyoosha miguu tu. Nera akanusa tartufi, akaifukua, na badala ya kuketi angoje jibini lake kama alivyofundishwa tangu utotoni, akaila yote pamoja na udongo wake. Ondina aliniambia alikaa kwenye majani yaliyolowa akamtazama anavyotafuna, akakosa hata nguvu ya kumkaripia.

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni aliinua mdomo wa Nera na kutazama fizi. Zikiwa na wekundu kidogo, aliteremka bondeni akiongea na watu. Zikiwa nyeupe, alipita kimya. Sisi wa mtaa tuliijua hali ya mbwa kwa kumtazama Ondina usoni. Na watu hawakukosa la kusema. Mbwa tu huyo, walisema, watoto wa mbwa wamejaa tele, si achukue mwingine? Siku moja nilichoshwa, nikamwambia mmoja wao dukani aende akamweleze Ondina mwenyewe. Hakwenda, na kwangu hajafika tena, afadhali.

Aliyesema kuliko wote ni mama yake, bibi Albina. Umri wake umepita themanini, macho yamefifia, kutwa yuko jikoni kwenye meko. Kwake yeye mbwa ni mbwa: anakaa nje, anakula makombo, akifa anazikwa. Aliyasema hayo kila siku, Nera akiwa amelala juu ya miguu yake anaipasha moto.

"Unajimaliza," alimwambia binti yake. "Umekonda kuliko yeye. Na damu haijengwi kwa vidonge."

Ondina aliendelea kumchanganyia Nera chakula. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hachagui ugomvi na mama yake.

Mwezi wa pili wa vidonge, damu ya Nera ilianza kupanda, lakini Nera mwenyewe akashuka. Alikuwa anayumba akitembea. Alitapika. Vipimo vya ini vikatoka vibaya. Daktari Lorena akabadilisha dawa, akapunguza, akauliza kama kuna kitu kingine chochote anachokula. Ondina akaapa kuwa hakuna, chakula chote anampa yeye kwa mkono wake. Kisha mchana mmoja aliporudi kutoka shuleni alikuta matapishi mekundu, karibu na meusi, kwenye vigae vya jikoni. Sote tulijua ni damu. Daktari naye kwenye simu alidhani hivyo hivyo, kwamba tumbo linavuja. Akasema kwa sauti ya chini kuwa huenda mwili umeshindwa kuibeba dawa yenyewe, na kwamba Ondina akitaka, kesho yake atakuja nyumbani amlaze Nera bila maumivu.

Ondina alinieleza hayo ameegemea ukuta wangu.

"Nimekubali," alisema. "Na sijui, Livio, kama nimekubali kwa ajili yake au kwa ajili yangu, nipate kulala."

Asubuhi nikachukua sururu na koleo, nikaenda kuchimba shimo nyuma ya nyumba yake, chini ya mforosadi. Ardhi ilikuwa imeganda kwa baridi. Nilichimba kwa hasira, na hasira yenyewe sijui ilikuwa ya nani.

Nilipoingia jikoni kunawa mikono, Ondina alikuwa ameketi sakafuni, kichwa cha Nera mapajani. Bibi Albina alikuwa kwenye meko anapasha mvinyo. Sikushangaa. Mvinyo wetu mweusi ndio dawa ya damu huku kwetu tangu enzi za mababu. Mwanamke aliyejifungua hupewa, mzee aliyepauka hupewa, mimi mwenyewe nilipewa utotoni nilipokuwa mwembamba kama ufito. Unapashwa, unamiminwa kwenye jagi la udongo, unatiwa sukari, mafuta ya zeituni na pilipili manga, halafu unachovya mkate uliochomwa. Supu, ndivyo tunavyoiita. Nyumba zetu zote zinanuka supu hiyo, na kwa Ondina, ambako pipa liko chumba cha chini, hakuna mgeni aliyewahi kuuliza harufu ile inatoka wapi. Nilidhani bibi anajipashia yake, ajitie nguvu.

Gari la daktari likasikika linapanda kwenye kona ya kanisa. Bibi Albina akageuka, jagi mkononi.

"Mwambieni huyo daktari angoje nje kidogo," alisema. "Apate supu yake kwanza."

Ondina hakuinua kichwa. "Nani, mama?"

"Nera, nani mwingine? Asiondoke na njaa. Supu yake ya kila siku, wewe ukiwa shuleni."

Ondina aliuweka mkono wake juu ya ubavu wa mbwa, akautuliza hapo.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu alipotoka kutiwa damu ya mbwa wa Dino. Niliigusa fizi yake, nikaikuta baridi. Namgawia yangu, sichukui ya mtu." Kisha bibi akaongeza, "Ulitaka nikae namtazama tu anakufa?"

Ondina alisimama. Niliiona hasira ikimpanda mpaka shingoni, nikajisemea, leo ni leo. Halafu nikaiona inashuka, kwa sababu hapakuwa na nguvu ya kuibeba. Alilichukua jagi mikononi mwa mama yake, akaliweka juu mezani, akaenda kufungua mlango. Daktari alikuwa anapanda ngazi na mkoba wake.

"Usiufungue mkoba," Ondina alimwambia.

Daktari Lorena aliketi jikoni na koti lake, akauliza kiasi gani na mara ngapi, akasikiliza bila kukemea. Pombe ni sumu kwa mbwa, alisema, na juu ya vidonge vile ni mzigo wa pili kwenye ini lililokwisha kuelemewa. Akaiangalia supu ndani ya jagi, rangi yake, akasema huenda yale matapishi hayakuwa damu hata kidogo. Hakuahidi kitu. Alisema tungoje, Nera apimwe tena, na ndipo tujue. Wakati haya yanasemwa bibi Albina alikaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, akitazama moto ambao sidhani kama aliuona.

Nera aliacha kutapika. Baadaye akaacha kuyumba. Kufikia Pasaka ini lilikuwa limetulia na damu ilikuwa inapanda polepole. Hajapona, msinielewe vibaya. Daktari anasema ugonjwa huu hulala, na unaweza kuamka siku yoyote, kwa hiyo vidonge vinaendelea na Ondina anaendelea kutazama fizi kila asubuhi.

Aliyeugua sasa ni bibi. Hakuwa anagombeza tena. Mvinyo aliuacha, hata tone. Nera alipokuja kulala miguuni pake, aliivuta miguu chini ya kiti. Mkate aliula ameinamia sahani, chembe isije ikaanguka. Mimi nilijaribu kumchokoza, nikamuuliza kama amekuwa mtawa.

"Nilikuwa namuua, Livio," alisema. "Kwa mkono huu huu."

Nikamwambia asiseme hivyo, maneno ambayo hayamsaidii mtu. Ondina alikuwa mlangoni, ameyasikia. Aliingia na koti lake la kazini, akafungua kabati, akachukua kidonge, akakifunga ndani ya kipande cha jibini. Halafu akakiweka kwenye kiganja cha mama yake na kuvifunga vidole vyake juu yake.

"Cha mchana mpe wewe, mama. Kila siku. Nikiwa shuleni sina mwingine."

"Na nikikosea?"

"Ni hicho na jibini lake. Hakuna kingine."

"Hakuna kingine," bibi alirudia. Akakaa nacho kidogo. Kisha akamwita Nera, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akampa, akampapasa koo mpaka alipohakikisha kimeshuka. Alimwinua mdomo na kuuelekeza kwa Ondina.

"Zikoje? Mimi sioni."

"Zina wekundu, mama. Kidogo."

Siku chache baadaye nilikwenda kumuuliza Ondina kama nilifukie lile shimo, maana kulipita kila nikienda bustanini kulinikera. Ilikuwa mchana kweupe. Nilimkuta amelala kwenye benchi la jikoni, koti mwilini, viatu miguuni, mdomo wazi, anakoroma kama dereva wa lori. Bibi Albina alikuwa amekaa wima kwenye kiti chake, na Nera juu ya miguu yake. Nilifungua mdomo. Bibi aliinua kidole kabla sijatoa sauti.

"Toka, Livio," alisema polepole. "Usimwamshe. Zamu ni yangu."

Nikaurudisha mlango taratibu. Shimo nililifukia bila ruhusa ya mtu.